Umenunua Mbwa au Umenunua Jina?

Mdogo wangu wa Bondeni, barua yako imefika na nimeisoma yote, hata yale uliyoyabana pembeni karatasi ilipokwisha. Mavyaa wako nimempenda bila kumjua. Mtu aambiwe kuna mbwa anakuja nyumbani na cheti cha nasaba, naye ajibu kwamba mwanawe alipokwenda kuposa hakuna aliyemdai cheti! Nipelekee salamu zangu.

Kwa wenzetu ambao hawakuiona barua: mume wa dada yetu huyu anafuga kuku Mtwapa. Wezi wamekwishaingia bandani, na kijana wa shamba anasema usiku huwa hasikii kitu. Sasa bwana amempata muuzaji wa vilebu huko Nyali. Ni German Shepherd, ati "damu ya polisi", ukali umo ndani ya damu, hata kufundishwa hahitaji. Bei yake yaweza kununua mbuzi kadhaa na chenji ikabaki. Dada yetu auliza mawili. Je, tabia ya mbwa kweli huja na damu? Na mtoto wake wa miaka minne, ambaye kila Jumapili huenda shambani kuokota mayai, atakuwa salama?

Nianze kwa kumpa muuzaji haki yake, maana hajasema uongo mtupu. Tabia ya mbwa hurithiwa. Mfano mzuri hauko mbali, uko kwa jirani zetu Kongo. Kuna mbwa wa msituni kule ambaye Wazungu walimpa jina la Basenji. Ni mdogo, masikio yamesimama, mkia umejikunja juu ya kiuno, na hujilamba mwili mzima mithili ya paka. Habweki kama mbwa wengine. Huguna, hulia, na akifurahi hutoa sauti ya ajabu inayopanda na kushuka, lakini ule mfululizo wa kubweka unaotukosesha usingizi hana. Wawindaji wa Kongo humfunga kengele ya mti shingoni ili wajue alipo akiwa anafukuza mnyama vichakani. Tena jike wake hushika joto mara moja tu kwa mwaka, ilhali majike wengi wa mbwa wengine hushika mara mbili.

Wataalamu wawili wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, walimchukua Basenji wakamweka pamoja na koo nyingine nne katika maabara ya Jackson, mji wa Bar Harbor, jimbo la Maine. Walifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na kitabu chao kikatoka 1965. Mpaka leo anayetaka kuzungumza habari za urithi wa tabia ya mbwa hawezi kukiruka. Walimchanganya Basenji na cocker spaniel, yule mbwa wa masikio marefu anayebweka hata kwa upepo. Inaelezwa kwamba cocker mmoja alibweka zaidi ya mara 900 ndani ya dakika 10. Fikiria jirani yake.

Sasa tazama chotara walivyotokea. Kwa kubweka walifuata zaidi upande wa cocker: walichokozeka upesi, wakapiga kelele. Lakini kwa woga walifuata Basenji. Vilebu vya Basenji vya wiki tano, mtu akiingia, hukimbia, hulia, na ukivishika hujaribu kuuma. Vile vya cocker havina habari. Chotara wakawa waoga kama Basenji. Na watafiti hawakuwa wajinga, walijua mtu atauliza kama kilebu hajajifunza woga kwa mamake. Kwa hiyo walichanganya kwa pande zote mbili, mama Basenji na baba cocker, kisha kinyume chake. Woga ukabaki.

Basi damu ina neno lake, na muuzaji wa Nyali anaweza kukaa vizuri kitini. Ila asinyanyuke kuhesabu pesa bado.

Vile vilebu vya Basenji vilivyotaka kuuma watu, vikishikwashikwa na kuchezewa kila mara, baada ya muda mfupi vilizoea. Havikuwa cocker, lakini havikuwa tena wale wanyama wa wiki ya tano. Woga ulirithiwa kweli, na bado mikono ya watu iliuondoa. Hapo ndipo watu wengi hunichanganyia mambo. Wakisikia "limerithiwa" wanaelewa "halibadiliki". Ni vitu viwili.

Wenzao wa maabara iyo hiyo walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1961 walichapisha matokeo ya vilebu waliofugwa ndani ya ua mpana bila kuguswa na binadamu. Kila kundi lilitolewa kwa wiki moja katika umri tofauti, likae na watu, kisha likarudishwa. Waliokutana na watu wakiwa na wiki tano mpaka tisa hivi walizoea vizuri. Waliobaki mpaka wiki ya 14 bila kumjua mtu walikuwa kama wanyama wa porini, na kuwafuga baadaye kukawa shida kubwa. Damu yao ilikuwa ile ile ya wenzao. Walichokosa ni wiki chache za kuzoeana.

Kwa hiyo, mdogo wangu, swali la kwanza la kumuuliza muuzaji ni kilebu ana wiki ngapi na amezipitisha wapi. Baba alikuwa polisi au alikuwa hakimu, hilo litasubiri. Kama amekaa miezi mitatu ndani ya kizimba nyuma ya nyumba, anaona sahani ya chakula na mkono wa mtu mmoja tu, humo mna hatari ambayo cheti hakitaiandika.

Tuje kwa hili jina lenyewe. German Shepherd watu wengi kwetu wanamjua kwa jina moja, mbwa wa polisi, kana kwamba alizaliwa na kofia. Aliyeanzisha ukoo huo ni kapteni wa jeshi la wapanda farasi la Ujerumani, Max von Stephanitz, mwaka 1899, na alichokuwa akitafuta ni mbwa wa kondoo. Kazi ya mbwa huyo ilikuwa kutembea mpakani mwa shamba kutwa nzima, kondoo wasiingie kula mazao ya watu, na kumsikiliza mchungaji. Kazi ya polisi ilikuja baadaye, na ilikuja kwa sababu anafundishika. Mbwa anayemrukia kila mtu hafai hata kwa polisi, kwa sababu polisi wanataka mbwa anayeshika akiambiwa shika na anayeachia akiambiwa achia. Muuzaji anayekusifia ukali usiohitaji mafunzo anakusifia kasoro.

Na sasa hesabu. Mwaka 2022 jarida la Science lilitoa utafiti mkubwa wa wanasayansi wa Marekani. Wenye mbwa 18,385 walijibu maswali kuhusu tabia za mbwa wao, na mbwa 2,155 miongoni mwao walisomwa DNA. Wakauliza: ukichukua tofauti zote za tabia kati ya mbwa huyu na yule, ukoo unaeleza kiasi gani? Jibu lilikuwa kama asilimia 9. Tisa! Katika baadhi ya mambo ukoo ulisaidia kidogo zaidi, hasa wepesi wa kutii na kufuata maagizo. Lakini katika lile hasa ambalo mumeo anauziwa, yaani mbwa akiudhiwa au akitishwa huchukua muda gani kupandwa na hasira, kuujua ukoo wake hakukuwaambia karibu chochote.

Mtu akikwambia fulani ni mzaliwa wa Bondeni, utakisia lafudhi yake na pengine utakisia anapenda mahamri na mbaazi. Hutajua kama ni mkarimu au ni bahili, kama hulipa madeni au hukimbia. Ukoo wa mbwa nao ni hivyo. Ukiwa na German Shepherd mia na cocker mia, utaona tofauti kwa jumla. Mumeo lakini hanunui mia. Ananunua mmoja, na huyo mmoja ana yake.

Hapa naona mkono umeinuka nyuma. Najua, kuna mwingine kati yenu aliyeandika mwezi uliopita kuhusu mchumba ambaye wazee wanamkataa kwa sababu "ukoo ule ni wa hasira". Tafadhali msiyachukue haya ya mbwa mkaenda nayo kwenye posa, wala kwa kumtetea wala kwa kumkataa. Koo za mbwa zimetengenezwa kwa makusudi, mtu akichagua nani apande nani kwa vizazi na vizazi. Binadamu hakuna aliyempangia hivyo, alhamdulillahi. Barua yako nitaijibu siku yake.

Turudi. Kama mwataka kuona wanaomjua mbwa wanavyomchagua, hamna haja ya kwenda Ujerumani. Nyote mmepanda treni ya Madaraka pale Miritini. Mwaambiwa pangeni mizigo chini kwa mstari, simameni kando, kisha mbwa anapitishwa ananusa begi baada ya begi. Mie hupenda kutazama upande wa abiria. Kina mama wamevuta mabuibui yao mpaka vifundo vya miguu vinaonekana, mtu amebeba kikapu kichwani asije akaguswa, watoto wanataka kumshika. Mbwa hana habari na yeyote. Anafuata harufu na mkono wa bwana wake basi.

Bandarini Kilindini ni vivyo hivyo. Shirika la African Wildlife Foundation lilianza 2014 mpango wa mbwa wa kunusa pembe za ndovu, vipusa na magamba ya kakakuona, wakifunzwa pamoja na waongozaji wao Usa River, karibu na Arusha, kisha wakapelekwa kwenye viwanja vya ndege na bandari, yetu ikiwamo. Koo zipo zinazopendelewa kwa kazi hiyo, kama Malinois wa Ubelgiji, na hilo sikatai. Lakini anayechagua mbwa wa pua hatosheki na jina. Humrushia mpira majanini aone kama atautafuta mpaka aupate au atachoka njiani. Humpitisha penye kelele na kwenye sakafu inayoteleza. Zawadi ya mbwa huyo akipata pembe ni kuchezeshwa ule mpira, na asiyeupenda mchezo hafai, hata akiwa na babu aliyepewa nishani. Sasa ikiwa hao, ambao mkate wao ni mbwa, wanamjaribu mmojammoja, mumeo kwa nini anunue kwa picha ya simu?

Mwambie aombe kumwona mama. Hili ndilo kubwa kuliko yote niliyoandika. Nusu ya jeni za kilebu ni za mamake, na ndiye aliyemlea wiki za kwanza. Mkifika Nyali, mama akija kuwanusa, akabweka kidogo, kisha akatulia mwenyewe alipoambiwa, hiyo ni dalili nzuri. Akijificha chini ya gari anatetemeka, au ikabidi afungwe mnyororo mfupi kwa vile hashikiki, ondokeni kwa adabu. Wengi wanaouma, mdogo wangu, huuma kwa woga, na mwenye woga hachagui kati ya mwizi na mtoto anayeokota mayai. Vilebu vyenyewe kaeni chini muwatazame kitambo. Anayejibanza pembeni msimchukue kwa huruma. Anayewapanda wenzake wote na kuwang'ata, mwacheni pia. Chukueni yule anayekuja, anashtuka mkipiga makofi, kisha anarudi kuangalia kulikuwa na nini.

Waulizeni pia baba na mama wana undugu gani. Watu hupandisha ndugu na ndugu ili "mbegu isiharibike", na ndiyo inavyoharibika. Wale Basenji niliowataja walikuzwa Ulaya na Marekani kutokana na mbwa wachache mno waliotolewa Afrika, wengi wao tangu miaka ya 1930, na ugonjwa wa figo uitwao Fanconi ukawaenea. Figo zinavujisha sukari na madini kwenye mkojo mpaka mbwa anakonda na kufa. Ilibidi wafugaji wa Marekani waende Zaire mwaka 1987 na 1988, vijijini huko, kutafuta mbwa wapya wa kuongeza damu, na daftari la ukoo likafunguliwa ili kuwaingiza. Hebu fikiri: mbwa mwenye cheti akatafutiwa uzima kwa mbwa wa kijijini asiye na cheti. German Shepherd naye ana maradhi yake ya nyonga, akikua anaanza kuchechemea kwa miguu ya nyuma. Ulizeni kama wazazi walipimwa.

Na kwani lazima awe German Shepherd? Mbwa wetu wa kienyeji tunamwita koko na kumtupia mawe, lakini tumdharau tukijua tunamdharau nani. Mwaka 2009 watafiti walichukua damu za mbwa 318 wa vijijini Misri, Uganda na Namibia. Waligundua kwamba Basenji, yule wa bei kubwa huko ng'ambo, ni wa jamaa moja na mbwa hao wa asili wa Afrika. Ni mbwa waliozoea jua, kupe na makombo kwa karne nyingi. Wewe unahitaji mbwa atakayebweka usiku kijana wa shamba aamke. Mwizi wa kuku hapendi kelele. Kilebu wa kienyeji wa wiki nane, aliyezaliwa na mama mtulivu katika boma lenye watoto hapo hapo Mtwapa, akilelewa vizuri kazi hiyo ataiweza. Bwana atanuna kidogo, maana hatapata cha kuwaonyesha wenzake barazani. Atazoea.

Awe yupi, wiki zake za kwanza shambani ndizo mtakazolipia au kuvuna. Aone watu wa kila namna mapema. Aone buibui na kanzu na kofia ya helmeti ya bodaboda, kwa sababu mbwa aliyewahi kuona suruali tu siku akiona buibui linapepea atadhani limekuja kumvamia. Asikie adhana, radi, jenereta. Kuku awaone akiwa mdogo, akemewe siku ya kwanza anapowakimbiza, asisubiriwe mpaka ameua. Asifungwe mnyororo kutwa, wala kijana wa shamba asimchokoze kwa fimbo ati amtie ukali. Watu wa zamani walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia, na walikuwa wanamwangalia msasi. Kwa hiyo kijana huyo mzungumzeni naye kabla ya mbwa kufika, tena kwa heshima, kwa kuwa yeye ndiye atakayekuwa bwana wa mbwa kuliko mumeo.

Suala la dini nitalipitia kwa ufupi, mwenye kauli ni sheikh wenu. Sisi wa madhehebu ya Shafi twajua mate yake ni najisi nzito, chombo huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Na twajua pia mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba wamevuliwa katika katazo, na katika Suratul Maida aya ya 4 kimehalalishwa kile anachokikamata mnyama aliyefunzwa kuwinda. Kwa hiyo mavyaa wako ana haki kukataa asiingie gorofani Bondeni, na mumeo ana haki ya kumweka shambani. Wekeni kanzu ya shamba kando na bomba la maji karibu na lango, ugomvi utapungua.

Kuhusu mtoto nitakuwa mkali. Hata mbwa awe mpole vipi, mtoto wa miaka minne asiachwe naye peke yake, hata kwa muda wa kupokea simu. Afunzwe kutomsogelea akila, akilala, au akiwa na vilebu. Mbwa achanjwe chanjo ya kichaa cha mbwa akitimiza miezi mitatu, na irudiwe kama daktari wa mifugo atakavyopanga. Kenya imejiwekea 2030 kuwa mwaka wa kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa, na haitafika huko bila kadi za chanjo kama hiyo yenu. Akimparuza au akimuuma mtoto, hata kidogo, osheni jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyo hiyo mkaulize sindano. Msipake pilipili wala mafuta ya taa, na mtu asiwaambie kwamba mbwa ni wa nyumbani kwa hiyo hakuna haja. Ugonjwa huo dalili zake zikishaanza, dawa hakuna.

Jumamosi mkienda Nyali, mwache mumeo azungumze bei, wewe uende moja kwa moja nyuma ya nyumba umtazame mama. Muuzaji akisema mama yuko safarini, au "ameuzwa juzi", pesa zibaki mkobani, na kwa sehemu yake mkazibe lile pengo la seng'enge ya shamba ulilolitaja katika ukurasa wa tatu wa barua yako kama jambo dogo. Ukishamwona, niandikie alivyokuwa.